Ugali na ngege vinapofika chembe cha moyo: kazi ya tumbo na kongosho

Neno tumbo limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mjamzito ana tumbo, mnywaji wa bia ana tumbo, mtoto mwenye minyoo anaumwa na tumbo, na buchani tunanunua matumbo kwa kilo. Daktari wa zamu mjini Kisumu akimuuliza mgonjwa anaumwa wapi, akajibiwa "tumbo", bado hajaambiwa kitu. Mfuko unaopokea chakula, ambao ndio utakaoitwa tumbo hapa, hauko kwenye kitovu. Uko juu, umejificha nyuma ya mbavu za kushoto, chini kidogo ya kiwambo kinachotenganisha kifua na sehemu ya chini. Umbo lake limejipinda, na ncha yake ya chini huvuka kuelekea kulia, pale panapoitwa chembe cha moyo. Anayeshika chini ya kitovu akisema tumbo linamkata, mara nyingi tatizo liko kwenye utumbo, kibofu au kizazi.

Nyuma ya tumbo, limelala kwa upana karibu na uti wa mgongo, kuna kongosho. Wengi hulisikia likitajwa kwa mara ya kwanza siku ndugu yao anapoambiwa ana kisukari.

Tunasema tumbo ndilo linalomeng'enya chakula, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki humo. Tumbo hupokea, husaga, huua vijidudu, kisha hupima kiasi cha kupitisha. Uvunjaji wenyewe wa wanga, mafuta na protini hufanywa hasa na juisi ya kongosho, ndani ya utumbo mwembamba. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi bila tumbo. Mwaka 1897 daktari mpasuaji Carl Schlatter wa Zürich, Uswisi, aliliondoa tumbo lote la mgonjwa mwenye saratani, akaunganisha umio na utumbo, na mgonjwa akaendelea kula. Aliyeondolewa kongosho lote naye anaweza kuishi siku hizi, lakini kwa masharti mawili magumu: insulini kila siku, na vimeng'enya vya kumeza kwa kila mlo, maisha yake yote.

Juisi za viungo hivi viwili zina nguvu ya kuyeyusha nyama, na mwili wenyewe ni nyama. Kinachotulinda ni mpangilio: kila kemikali ina mahali pake na wakati wake. Karibu kila ugonjwa utakaotajwa hapa chini ni kemikali iliyotoka mahali pake au iliyoamka kabla ya saa yake.

Tuchukue sahani moja ya mchana pale Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria: ugali, samaki aina ya ngege wa mchuzi, sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta. Na mwiba mmoja mwembamba uliopita bila mlaji kujua.

Kinu kisicho na mchi

Kazi huanza mdomoni. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata wanga kuwa sukari ndogo. Tafuna tonge la ugali polepole kwa dakika nzima bila kumeza na utalionja likianza kuwa na utamu. Tonge likimezwa, hupita kwenye umio wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa sekunde chache, hadi kwenye vali ya juu ya tumbo. Vali hiyo hufunguka, hupitisha, kisha hujifunga ili asidi isirudi juu. Ikilegea, asidi hupanda kwenye umio ambao hauna kinga dhidi yake, na hicho ndicho kiungulia. Moyo hauhusiki hata kidogo, ingawa maumivu yake huwatisha watu wakadhani ni mshtuko wa moyo (na kinyume chake pia hutokea, kwa hiyo maumivu ya kifua yanayokuja na jasho au kukosa pumzi yapelekwe hospitali, si kwenye duka la dawa).

Tumbo tupu lina nafasi ya chini ya mililita 100. Baada ya chakula cha mchana linabeba lita moja hadi moja na nusu, na bado mlaji hahisi shinikizo kubwa, kwa sababu sehemu ya juu, ile iliyo kama kuba upande wa kushoto, hulegea kabla chakula hakijafika. Humo chakula hutulia kwa muda. Asidi haijapenya katikati ya matonge, kwa hiyo amilesi ya mate inaendelea kuukata ugali kimyakimya kwa kama nusu saa. Asidi ikiufikia, kimeng'enya hicho huzimika, na wanga hautaguswa tena mpaka ufike kwa kongosho.

Sehemu ya chini ya tumbo ndiyo kinu. Ukuta wa tumbo una tabaka tatu za misuli, moja zaidi ya zile za utumbo, na zimepangwa kwa urefu, kwa mzunguko na kwa mshazari. Mawimbi ya kukaza hutokea mara tatu kwa dakika, yakishuka kutoka katikati hadi kwenye lango la chini. Wimbi linapofika, lango linakuwa karibu limefungwa. Uji mchache hupenya, kilichobaki hugonga lango na kurushwa nyuma. Ni kurushwa huko ndiko kunakosaga. Kipande cha samaki hakipiti hadi kiwe kidogo kama punje ya mchanga, milimita moja au mbili. Asiyetafuna vizuri hajakwepa kazi, ameihamishia chini, na atakaa na uzito kifuani kwa muda mrefu zaidi.

Mambo haya yalionekana kwa macho kabla ya kuwapo mashine za kupiga picha. Mwaka 1822 kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya kwenye kisiwa cha Mackinac, Marekani. Jeraha lilipona lakini liliacha tundu lililoingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi William Beaumont alifunga vipande vya nyama kwa uzi, akaviingiza kwenye tundu, akavivuta kila baada ya muda kuona kilichobaki. Alichota pia juisi ya tumbo, akaiweka kwenye chupa yenye joto la mwili pamoja na nyama. Nyama iliyeyuka mle chupani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1833, na hoja ya zamani kwamba tumbo husaga tu, au kwamba huozesha chakula, ikaishia hapo.

Anayependa matumbo ya kukaanga asitumie kile anachokiona buchani kujifunza tumbo lake. Ng'ombe ana vyumba vinne. Vitatu vya kwanza ni mapipa ya kuchachushia nyasi kwa msaada wa vijidudu, na ni cha nne pekee kinachotoa asidi kama letu. Sisi hatuna mapipa hayo, kwa hiyo nyuzi za sukuma wiki hupita zote bila kumeng'enywa na tumbo wala kongosho. Zina faida zake, lakini ni huko chini kwenye utumbo mpana.

Asidi, na ukuta unaoistahimili

Kwa siku tumbo hutoa kama lita mbili za juisi. Ndani yake kuna asidi ya haidrokloriki, yenye pH ya 1 hadi 2 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikiwa ndogo asidi ni kali, na 7 si asidi tena). Ikitoka tu kwenye seli zinazoitengeneza, ukali wake ni zaidi ya mara milioni moja ukilinganishwa na damu iliyo upande wa pili wa seli hizo hizo. Tofauti hiyo kubwa hutunzwa na pampu ndogo zilizo kwenye utando wa seli, na ndizo ambazo omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, huzizima.

Pampu huwashwa na amri tatu: neva itokayo kwenye ubongo, homoni ya gastrini inayotolewa na tumbo lenyewe protini inapoingia, na histamini inayotoka kwa seli za jirani. Amri ya neva haingoji chakula kifike. Harufu ya samaki anayekaangwa inatosha.

Asidi hii ina kazi nne. Ya kwanza ni kuzikunjua protini za samaki zilizojiviringisha ili zikatike kwa urahisi. Ya pili ni kuamsha pepsini. Seli za ukuta hazithubutu kutoa pepsini ikiwa hai. Hutoa pepsinojeni, ambayo haina meno, nayo huota meno ikikutana na asidi. Pepsini hukata protini vipande vikubwavikubwa tu. Sehemu ndogo, labda asilimia 10 hadi 20 ya kazi yote ya protini, ndiyo inayofanyika tumboni.

Kazi ya tatu ni kuyeyusha madini. Mla omena humeza mifupa yote ya samaki, na ni asidi inayoilainisha hadi kalsiamu ikatoka.

Ya nne huthaminiwa kidogo kuliko inavyostahili: kuua vijidudu. Kandokando ya Ziwa Victoria kipindupindu hurudi mara kwa mara, na bakteria wake ni dhaifu sana mbele ya asidi. Mtu mwenye asidi ya kawaida anahitaji kumeza idadi kubwa mno ya bakteria ili augue. Asidi ikipunguzwa, idadi ndogo sana inatosha. Kwa hiyo anayemeza omeprazoli miezi na miezi bila kupimwa, au anayekoroga magadi kila jioni kutuliza kiungulia, amefungua geti ambalo mwili uliliweka kwa sababu. Magadi yana ubaya mwingine. Yanapokutana na asidi hutoa gesi, ndio ule mcheuo unaomfanya mtu aseme "sasa nimepata nafuu", na huacha sodiamu nyingi mwilini, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu.

Seli hizo hizo za asidi hutoa pia protini maalum inayoshikana na vitamini B12 na kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba, mahali pekee inapofyonzwa vizuri. Aliyekatwa tumbo hudungwa B12 maisha yake yote kwa sababu hiyo. Upungufu wake huchelewa kuonekana, kwa kuwa ini huwa na akiba ya miaka kadhaa.

Kwa nini basi tumbo halijimeng'enyi lenyewe? Ukuta wake umepakwa ute mzito, tabaka lenye unene usiofika milimita moja, na ndani ya ute huo seli huachia baikaboneti, kemikali inayozima asidi, kila wakati. Juu ya ute pH ni 2, chini yake, penye seli, ni karibu 7. Pepsini haifanyi kazi kwenye 7. Na seli za juu zikichakaa, hung'oka na kubadilishwa ndani ya siku chache.

Kidonda cha tumbo ni ute huo ukishindwa. Si kazi ya pilipili, wala ya mawazo mengi, wala ya kukosa staftahi, ingawa vyote hivyo vinaweza kuzidisha maumivu ya kidonda kilichopo. Visababishi vikuu ni viwili. Kimoja ni bakteria Helicobacter pylori, aliyejipinda kama skurubu, anayejichimbia ndani ya ute na kujizungushia amonia ili asidi isimguse. Mwanzoni madaktari hawakuamini kwamba kiumbe kinaweza kuishi humo. Barry Marshall na Robin Warren walimtambua na kumuotesha huko Perth, Australia, mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao kwa makusudi, akapata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Ute na baikaboneti hutolewa kwa amri ya kemikali ileile ambayo dawa hizi huizima ili kupunguza maumivu. Mzee anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anajikwangua ukuta wa tumbo bila kuhisi, na wakati mwingine dalili ya kwanza ni choo cheusi kinachonata kama lami. Hiyo ni damu iliyopikwa na asidi, na haisubiri hadi Jumatatu.

Kuhusu vipimo, kosa moja hurudiwa sana. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi humpata bakteria aliye hai, lakini omeprazoli humnyamazisha bila kumuua, na jibu hutoka kwamba hayupo. Dawa hiyo husimamishwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki wiki nne, kwa maelekezo ya daktari. Kipimo cha damu nacho huonyesha kingamwili zinazobaki muda mrefu baada ya kupona, kwa hiyo hakisemi kama bakteria yupo leo. Tiba ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14 kamili. Anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu amewafundisha bakteria kuvumilia dawa.

Omeprazoli yenyewe humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kwa kawaida asubuhi. Hufunga pampu zilizo kazini tu, na pampu huingia kazini mtu anapokula. Ukiimeza usiku wa manane juu ya tumbo tupu umeipoteza sehemu kubwa. Maziwa hutuliza kwa dakika kadhaa, kisha protini yake inachochea asidi zaidi. Mapenzi ya watu wa Bonde la Ufa kwa maziwa yanastahili heshima, lakini si dawa ya vidonda.

Langoni

Uji wa ugali na ngege unapofika kwenye lango la chini, hautoki kwa mkupuo. Hutoka kidogo kidogo, mililita chache kila wimbi. Maji matupu huisha nusu ndani ya dakika 20 hivi. Mlo mzito huchukua saa tatu hadi tano, na kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo unavyochelewa. Anayeamka asubuhi akihisi nyama choma ya jana usiku bado ipo hakosei sana. Pombe nayo hufyonzwa zaidi baada ya lango kuliko kabla yake, na hiyo ndiyo sababu anayekunywa kabla ya kula hulewa upesi: hakuna chakula kilichoizuia.

Anayeamua mwendo wa lango ni jirani wa chini, duodeni. Hiki ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, chenye urefu wa kama sentimita 25, yaani sawa na upana wa vidole kumi na viwili vilivyopangwa pamoja, na hilo ndilo jina lake katika Kilatini. Kimejipinda kama herufi C. Ukuta wake hauna ute mzito kama wa tumbo, kwa hiyo asidi ikimwagika humo bila kuzimwa, huchimba. Vidonda vingi tunavyoviita vya tumbo viko hapa. Maumivu yake huelekea kuja mtu akiwa na njaa au usiku wa manane na kupoa akila, ingawa si kanuni ya kutegemea peke yake.

Duodeni hujitetea kwa kuita msaada. Ikionja asidi, hutoa homoni ya sekretini kwenye damu. Ikionja mafuta na protini, hutoa nyingine, kolesistokinini. Ya kwanza huliambia kongosho lilete maji yenye baikaboneti. Ya pili huliambia lilete vimeng'enya, huukamua mfuko wa nyongo, na huliambia tumbo lipunguze mwendo. Sekretini iligunduliwa London mwaka 1902, pale William Bayliss na Ernest Starling walipokata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa, wakakitia asidi, na kongosho likatiririsha juisi kama kawaida. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Neno homoni lilianza kutumika miaka mitatu baadaye kwa sababu ya jaribio hilo.

Kongosho

Wavuvi watalielewa umbo lake upesi, maana sehemu zake hutajwa kama za samaki: kichwa, shingo, kiwiliwili, mkia. Urefu ni kama sentimita 15, uzito chini kidogo au karibu na gramu 100, rangi ya njano iliyochanganyika na waridi, na mwili wake una vinundu vidogo vidogo. Kichwa kimelala ndani ya mkunjo wa duodeni, upande wa kulia. Mkia hufika kwenye wengu, kushoto. Mrija mmoja mkuu hupita katikati kuanzia mkiani, na kabla ya kutokea kwenye duodeni hukutana na mrija wa nyongo utokao kwenye ini. Kwa watu wengi mirija hiyo miwili huishia kwenye tundu moja. Kumbuka tundu hilo, maana balaa kubwa huanzia hapo.

Kongosho hutoa lita moja hadi moja na nusu ya juisi kwa siku, yaani zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Juisi hiyo ni ya aina ya magadi, yenye pH ya karibu 8. Magadi ambayo hayakuwa na kazi nzuri tumboni, hapa ndipo mahali pake: huzima asidi, huokoa ukuta wa duodeni, na hutengeneza mazingira ambamo vimeng'enya vya kongosho hufanya kazi. Pepsini hufa hapa. Zamu imebadilika.

Amilesi ya kongosho huuchukua ugali ulioachwa na mate na kuukatakata hadi sukari ndogo, ambazo ukuta wa utumbo humalizia kuwa glukosi. Lipesi huvunja mafuta ya mchuzi, lakini haiwezi kushika tone kubwa linaloelea. Nyongo hulipasua kwanza kuwa vitone vidogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta. Tripsini na wenzake huvikata vipande vya protini ya samaki.

Lipesi na amilesi hutoka zikiwa tayari kwa kazi. Tripsini haitoki hivyo. Hutengenezwa ikiwa imefungwa, kwa jina la tripsinojeni, na ufunguo wake hauko ndani ya kongosho. Uko kwenye ukuta wa duodeni, kimeng'enya kingine kinachoitwa enterokinesi. Tripsinojeni hufunguliwa baada ya kutoka tu, na tripsini ya kwanza huwafungua wengine wote. Kwa tahadhari zaidi, seli za kongosho huhifadhi kizuizi cha kukamata tripsini yoyote iliyoamka mapema.

Sasa fikiria jiwe dogo limetoka kwenye mfuko wa nyongo na kukwama kwenye lile tundu la pamoja. Juisi haina pa kwenda. Vimeng'enya huamka ndani ya seli vilikotengenezwa, kizuizi kinaelemewa, na kongosho linaanza kumeng'enywa na juisi yake. Huo ndio uvimbe mkali wa kongosho. Pamoja na mawe ya nyongo, kisababishi kikuu kingine ni pombe, na hapa chang'aa, busaa na wiski ya bei ghali hazina tofauti ya maana: kinachohesabiwa ni kiasi cha alkoholi na miaka ya kunywa. Sigara huongeza hatari.

Maumivu yake hukaa chembe cha moyo na kupenya hadi mgongoni, ni ya mfululizo, huambatana na kutapika, na mgonjwa hupata nafuu kidogo akiinama mbele. Kwa kuwa huanzia mahali pamoja na vidonda vya tumbo, mara nyingi huchukuliwa kuwa vidonda, na saa muhimu hupotea kwenye maji ya magadi na dawa za kupunguza asidi. Kipimo cha damu cha lipesi au amilesi kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya namna hii, kinatosha kuthibitisha. Hakuna dawa ya kuzizima tripsini zilizoamka. Tiba ni maji ya mshipa kwa kipimo, dawa za maumivu, chakula chepesi mapema mgonjwa anapoweza, na kuondoa chanzo: jiwe litolewe, pombe iachwe.

Uvimbe ukirudiarudia, seli hugeuka makovu. Kongosho lina akiba kubwa, kwa hiyo dalili za mafuta kutomeng'enywa huonekana pale uwezo wa kutoa lipesi unaposhuka chini ya asilimia 10. Hapo choo huwa cha rangi hafifu, chenye mafuta, chenye harufu kali, kinachoelea na kugoma kusukumwa na maji. Vitabu vyote huandika hivyo, na vyote vinasahau kwamba anayetumia choo cha shimo huko Siaya au Vihiga haoni kinachoelea. Kwake dalili ya kuangalia ni mshipi unaozidi kukazwa ilhali anakula vizuri, na pengine kutoona vyema magharibi ikiingia, maana vitamini A hufyonzwa pamoja na mafuta.

Dawa ni vimeng'enya vya kumeza. Kipimo cha kuanzia kwa mtu mzima ni takriban yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi kwa mlo mkuu, vikimezwa na tonge la kwanza na katikati ya mlo, si kabla wala baada. Vimepakwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi, kwa sababu lipesi isiyo na ganda hufia tumboni, na ndiyo maana havitafunwi. Vinatoka kwenye kongosho la nguruwe. Kwa Waislamu, na kwa Waadventista ambao Nyanza wako wengi, hilo linafaa kusemwa waziwazi na daktari kabla dawa haijaandikwa, ili mgonjwa azungumze na viongozi wake wa dini, badala ya kugundua mwenyewe na kuiacha kimya.

Asilimia 1 hadi 2 ya kongosho haihusiki na juisi kabisa. Ni visiwa vidogo vya seli, kama milioni moja, ambavyo Paul Langerhans aliviona kwa darubini mwaka 1869 bila kujua kazi yake. Hutoa insulini na glukagoni, homoni zinazodhibiti sukari, moja kwa moja kwenye damu. Kwa muda mrefu waliojaribu kuikamua insulini walisaga kongosho zima na kupata karibu hakuna kitu, kwa kuwa vimeng'enya vya jirani viliimeng'enya. Insulini ni protini. Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto mwaka 1921, walianza kwa kufunga mirija ya kongosho la mbwa ili seli za juisi zinyauke na visiwa vibaki. Januari 1922 mvulana Leonard Thompson akadungwa. Jibu la swali ambalo wenye kisukari huuliza kila kliniki, kwamba kwa nini insulini isimezwe kama kidonge, ni hilohilo: pepsini na tripsini hazitofautishi insulini na kipande cha ngege.

Saratani ya kongosho hutegemea imeota wapi. Ikiwa kichwani, hubana mrija wa nyongo, na macho huwa ya njano bila maumivu, mkojo mweusi kama chai, choo cheupe, ngozi inawasha. Ikiwa mkiani haina cha kubana, hivyo hugundulika imechelewa.

Na ule mwiba? Ukikwama kooni, usimeze tonge kubwa la ugali kuusukuma kama tulivyofundishwa utotoni. Tonge huweza kuuzamisha zaidi kwenye nyama. Maumivu yakibaki mahali pamoja au mate yakishindwa kupita, ni kazi ya hospitali. Lakini mwiba mwembamba uliofika tumboni huoga kwenye asidi na kulainika. Kama ni mrefu kuliko lango linavyoruhusu, hubaki nyuma uji ukiisha. Kisha, tumbo likiwa tupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hupita wimbi refu la kufagia, kuanzia tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na wakati huo lango huachwa wazi. Mngurumo unaosikika mtu akiwa na njaa ni sauti ya ufagio huo. Anayetafuna karanga na kunywa soda mchana kutwa huukatiza kila mara. Aliyekula saa saba pale Dunga na hakugusa kitu tena, mwiba wake kwa kawaida huwa umevuka lango kabla ya chakula cha usiku.